Kitufe Kilichokaa Meza Kuu

Sogeeni karibu, wenye masikio. Wenye vyeo wabaki kwanza walipo mpaka waitwe kwa mpangilio, maana habari hii ni ya Jamhuri ya Mbwembwe, na huko hata kikohozi hakianzi kabla wakubwa hawajatambuliwa.

Si utani. Katika nchi hiyo bwana arusi husubiri nje ya ukumbi mpaka diwani atambuliwe. Nyumba ikiungua, mkuu wa zimamoto hushuka garini, hushika kipaza sauti, huwatambua viongozi wote waliokuja kuutazama moto, kuanzia wa juu hadi wa chini, kisha hutamka, "Itifaki imezingatiwa." Hapo ndipo maji huruhusiwa kutoka. Nyumba nyingi za Mbwembwe zimeteketea, lakini hakuna hata moja iliyoteketea bila itifaki, na wananchi huambiwa wajivunie hilo.

Sasa, serikali ya Mbwembwe ilisikia kwamba duniani kuna programu za kompyuta za kuendeshea biashara ambazo ni huria. Yaani msimbo wake, yale maelekezo iliyoandikwa kwayo, uko wazi; anayetaka huichukua, huitumia, huirekebisha apendavyo, na akitaka humpa na jirani, bila kudaiwa hata senti. Serikali ilifurahi mno, ikatangaza zabuni ya kuinunua. Mbwembwe ndiyo nchi pekee iliyowahi kuitisha zabuni ya kununua kitu cha bure, na mshindi akapatikana, naye kwa bahati nzuri alikuwa shemeji ya mtu.

Programu hiyo iliitwa Bohari Huria. Ilifungwa katika Shirika la Bohari la Taifa, ambalo peke yake ndilo lililoruhusiwa kutoa dawa nchini, na huko ndiko alikofanya kazi Zamda Lukindo.

Zamda alikuwa mtaalamu wa sura za programu. Kazi yake ilikuwa kupanga kitu gani kionekane wapi kwenye kioo cha kompyuta ili mtumiaji asihangaike. Kwa bahati mbaya, Shirika lilikuwa limemwajiri kwa sababu muundo wake ulitaka kuwe na mtu wa cheo hicho, si kwa sababu lilitaka ifanyike kazi hiyo. Alipewa meza, kiti na kalenda yenye picha ya Mkurugenzi, akaachwa apoe.

Asingepoa, kwa sababu mama yake, Bi Siwatu, alikuwa na kisukari. Aliishi kwa insulini, na insulini yote ya nchi ilikaa ghorofa ya chini ya jengo hilohilo, katika chumba cha baridi chenye mlango wa kioo. Mgonjwa aliiona dawa yake kwa macho. Lakini mlango ulifungwa na kompyuta, na haukufunguka mpaka mtunza ghala abofye kitufe kimoja tu, kilichoandikwa Toa.

Ila kukifikia kitufe hicho! Mungu awalaze pema waliokufa wakikitafuta.

Programu ikiwashwa, ulipigwa wimbo wa taifa, beti zote, na kila aliyekuwa karibu alitakiwa kusimama wima. Ikaja picha ya Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Ngwamba Tilya, akitabasamu. Zikaja salamu zake. Ikaja Dira, ikaja Dhamira, yakaja Maadili ya Msingi, ambayo ilibidi uyateremshe mpaka mwisho ndipo programu ikubali kwamba umeyasoma. Baada ya hapo ndipo vilipoonekana vitufe, vimepangwa kwa vyeo vya wenyewe. Mbele kilikaa cha Mkurugenzi, kikubwa, cha rangi ya dhahabu, ambacho hakuna aliyejua kinafanya nini. Vikafuata vya manaibu, vya wasaidizi wa manaibu, na vya watu waliokwisha staafu lakini bado wana jina. Chini kabisa, kijivu juu ya kijivu, kwa maandishi ya kimo cha sisimizi, kilijibanza kitufe cha mtunza ghala.

Ukichelewa kukiona, programu ilidhani umekwenda zako, ikakutoa kwa usalama wako. Ukiingia tena, unaanza na wimbo.

"Simameni tena, ndugu zangu," Bi Mashavu, mtunza ghala wa dirisha la kwanza, alikuwa akiwatangazia wagonjwa huku akijifuta jasho. "Imenitupa nje."

Na foleni nzima ikasimama. Wenye magongo wakasimama na magongo yao. Bi Siwatu, ambaye miguu yake ilikwisha anza kufa ganzi, aliegemea ukuta na kuimba na wenzake.

"Nimeusimamia wimbo huu hata nimejifunza sauti ya pili," alimwambia bintiye siku moja, akitoka dirishani mikono mitupu. "Uzalendo ninao, mwanangu. Dawa ndiyo sina."

Zamda hakucheka. Alimtazama mama yake midomo ilivyomkauka, akapandwa na hasira ambayo hakuwa amewahi kuijua, akapanda ghorofani, akaigeuza ile kalenda ikatazama ukuta, akakaa kufanya kazi aliyoajiriwa asiifanye.

Alishinda siku kadhaa dirishani, nyuma ya Bi Mashavu, akimtazama anavyohangaika. Kisha akaondoa kila kitu kwenye kioo, akabakiza vitatu: mahali pa kuandika jina la mgonjwa, mahali pa kuchagua dawa, na kitufe cha Toa, katikati, cha kijani, kikubwa kiasi kwamba hata aliyesahau miwani nyumbani angekipata. Alipomaliza aliuweka msimbo wake kwenye ghala la wazi la mtandaoni ambako wenye programu huria huweka kazi zao, kama desturi yao ilivyo, akaandika jina lake chini, akaiwasha programu mpya pale dirishani.

Bi Mashavu alikitazama kioo kwa mashaka.

"Na wimbo?"

"Hakuna."

"Na Mheshimiwa?"

"Hayumo. Andika jina la mgonjwa."

Akaandika. Akachagua. Akabofya. Mlango wa chumba cha baridi ukafunguka, tii, na Bi Mashavu akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. "Ndiyo basi?" akauliza. "Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Mimi nilifikiri kazi hii ni ngumu," akasema Bi Mashavu, na machozi yakamlengalenga, kwani ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye Maadili ya Msingi.

Siku hiyo foleni ilimalizika kabla ya chai ya saa nne. Watunza ghala walibaki wakitazamana. Bi Siwatu alirudi nyumbani na dawa yake mkobani, akapika ugali na mlenda, akawaita majirani waje kula. Ilikuwa siku njema kuliko zote katika historia ya Shirika, kwa hiyo kesho yake uliitishwa mkutano wa dharura.

Aliyeyaongoza mashtaka ni Bwana Makoga Senkondo, Mkuu wa Itifaki wa Shirika, mtu mwembamba mwenye suti pana, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosea nani akae karibu na nani. Alikuwa amechapisha picha ya kioo kipya, akaishika kwa ncha za vidole kwa kinyaa.

"Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, waheshimiwa manaibu, wasaidizi wa waheshimiwa manaibu, itifaki imezingatiwa," akaanza. "Jana, katika jengo hili, jambo limetendeka ambalo ulimi wangu unaona haya kulisema. Kitufe cha mtunza ghala kimekaa meza kuu."

Ukumbi mzima ukaguna.

"Kimekaa katikati! Peke yake! Kwa rangi ya kijani! Nauliza, nani alikialika? Mheshimiwa Mkurugenzi mwenye kitufe cha dhahabu amewekwa wapi? Hakuwekwa! Nimetafuta kila kona ya kioo hiki, nimeshuka mpaka chini, Mheshimiwa hayumo. Katika nchi nyingine haya huitwa mapinduzi."

Naibu mmoja alijipepea kwa faili. Mkurugenzi Ngwamba mwenyewe hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni ya mkubwa wa Mbwembwe ni ya hatari zaidi, kwa sababu huzaa kamati.

"Binti," akasema, "kwani sura yangu ilikukosea nini?"

"Haikunikosea kitu, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba."

"Ila mtu akija dirishani anataka dawa. Nikaweka dawa mbele. Watu wanazidiwa kwenye foleni, Mheshimiwa. Mama yangu ni mmoja wao."

"Unaona?" Bwana Makoga akadakia. "Maslahi binafsi!"

Mkurugenzi akainuka, akafunga kifungo cha koti, na wote wakajua inakuja hotuba. "Programu hii ni huria," akasema. "Huria ni uhuru. Na uhuru, ndugu zangu, haukuletwa na kitufe. Uliletwa na viongozi. Sisi hatupingi maboresho. Nani anayepinga maboresho? Tunachopinga ni maboresho yanayoleta mabadiliko. Ikiwa programu ni ya wote, basi isiboreshwe na mtu mmoja anayejua. Iboreshwe na wote. Naunda Kamati ya Kitaifa ya Kuboresha Uso wa Bohari Huria."

Wakapiga makofi kwa vyeo, wa juu wakianza. Zamda akanyang'anywa ruhusa ya kugusa programu, akaingizwa kwenye Kamati kama mwalikwa asiye na haki ya kusema.

Kamati ilikutana katika hoteli yenye bwawa, kwa kuwa ubunifu unahitaji maji. Kila mjumbe alikuja na boresho lake, na kwa kuwa programu ni huria hakuna aliyeweza kukataliwa. Naibu wa Usafirishaji alitaka malori yapite kwenye kioo yakipiga honi. Naibu wa Michezo alitaka matokeo ya timu ya Shirika, yale ya kushinda tu. Mke wa Mkurugenzi, ambaye hakuwa mjumbe ila alikuwa anaogelea jirani, aliomba kona ya mapishi, akapewa mbili. Mjumbe mmoja aliyesinzia tangu asubuhi alizinduka akasema, "Maua," akaingiziwa maua.

Zamda alinyoosha mkono mpaka bega likamuuma. Mwishowe akasema bila kupewa nafasi, "Na anayeumwa je, abofye wapi?"

Mwenyekiti alimtazama kwa upole. "Hoja hiyo ni nzuri sana. Tumeiweka katika Mengineyo."

Naye Bwana Makoga akatoa boresho lake mwishoni, na kwa hakika lilikuwa la kipekee. Aliona kwamba programu mpya itazinduliwa na mgeni rasmi kwa kukata utepe kwenye kioo, kwa kitufe chenye picha ya mkasi. Akauliza, je, heshima hii iwe ya siku moja tu? Kwa nini kila asubuhi, na kila mtunza ghala anapoingia, asiukate utepe upya kwa kumbukumbu ya siku ile? Kamati ilisimama kumpongeza. Hivyo ndivyo Mbwembwe ilivyopata programu ambayo huzinduliwa kila inapotumika.

Uzinduzi wa kwanza ulifanyika uwanjani, kwa matarumbeta. Zamda alisimama nyuma ya vyombo vya upishi. Kwenye kioo kikubwa kilichopandishwa jukwaani aliona utepe, akasikia wimbo, akaona malori, maua, magoli, pilau, na nyuso za wakubwa zikipita moja baada ya nyingine. Alitafuta kile kitufe chake, asikione.

"Bwana Makoga," akamshika mkono Mkuu wa Itifaki alipopita, "Toa kiko wapi?"

"Kipo, kipo. Hatuna ubaguzi." Akajinasua, akanyoosha koti. "Unafungua Mengineyo, halafu Mengineyo Zaidi. Kimealikwa kama wengine. Kimekaa nje ya turubai."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kombo haraka. Watunza ghala walikata tepe mpaka vidole vikawauma. Malori yalizimaliza kompyuta nguvu zote, zikawa zinakwama katikati ya pilau. Bi Siwatu alikwenda dirishani, akarudi. Akaenda tena, akarudi akiwa ameshikiliwa na watu. Alipoacha kwenda, Zamda alielewa kwamba si kwa kukata tamaa, ni miguu imekataa. Mama alikuwa analala mchana, anakunywa maji kama aliyetoka jangwani, na maneno yake yalianza kuchanganyika.

Zamda akaingia ofisini kwa Mkurugenzi bila miadi, akapita katikati ya makatibu, akapiga magoti mbele ya meza. Hakuona haya. Kiburi chake alikiacha nyumbani kitandani kwa mama yake.

"Mheshimiwa, nakuomba. Nirudishie ruhusa kwa siku moja. Mama yangu anakufa, na dawa yake naiona kwenye kioo cha mlango."

Mkurugenzi aliguswa. Alitoa kitambaa. "Inuka, binti. Mama yako ni mama yetu sote. Shirika haliwezi kumwacha. Kesho nakuja mwenyewe."

Na alikuja, hilo tusimnyime. Alikuja na magari, Bwana Makoga na mpiga picha. Bi Siwatu aliinuliwa, akafungwa kanga mpya, akakalishwa. Mkurugenzi alimkabidhi kisanduku cha insulini huku akitazama kamera, naye mama, kwa adabu yake, akatabasamu na kukipokea kwa mikono miwili.

Walipoondoka alikifungua. Kilikuwa kitupu. Bwana Makoga, ambaye Zamda alimkimbilia mpaka barabarani, alieleza kupitia dirisha la gari kwamba chenye dawa hakikuweza kutoka kwa wakati. Programu ilikuwa bado inakata utepe. Lakini picha imetoka vizuri sana.

Ilitoka vizuri kweli. Tangu siku hiyo Bohari Huria ilipata ukurasa mmoja zaidi baada ya Maadili: picha ya Bi Siwatu akipokea dawa, na chini yake maandishi, "Mnufaika Wetu." Wagonjwa waliambiwa waisimamie nayo.

Zamda alikuwa anampangusa mama yake uso alipopigiwa simu na mtu asiyemjua, mwanamke mwenye sauti ya haraka, kutoka ile nchi ndogo ng'ambo ya mto ambayo watu wa Mbwembwe huiita Kanchi, kwa dharau, kwa sababu haina hata kikosi cha matarumbeta.

"Wewe ndiye Zamda Lukindo? Jina lako liko chini ya msimbo. Tuliuchukua kule mtandaoni, tumeufunga zahanati zote. Nilitaka tu kukuambia asante. Foleni imetuishia. Halo? Dada, mbona unalia?"

Zamda alijifuta machozi. Aliuliza zahanati ya kwanza baada ya mpaka iko wapi. Bi Mashavu alikwisha acha kazi ya kukata tepe. Ndiye aliyepata gari la vitunguu linalovuka daraja, ndiye aliyemshika mama kichwa njia nzima.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja kilichopakwa chokaa, na benchi refu ukutani. Karani, kijana wa kike aliyefunga kilemba cha njano, alimwona Bi Siwatu anavyopumua, akamwahisha kwa muuguzi wa dharura; mama akachomwa sindano ya insulini, akawekewa maji. Alipopata fahamu sawasawa jioni ile alirudishwa kwenye benchi kusubiri dawa ya kwenda nayo nyumbani. Zamda alichungulia kioo cha karani. Kilikuwa kilekile. Jina, dawa, na Toa, kijani, katikati. Chini kwenye pembe, jina lake. Akaona aibu kwa furaha aliyoisikia, kisha akaacha kuona aibu.

Ndipo alipomtazama mtu aliyekaa upande wa pili wa mama yake. Alivaa miwani myeusi na kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, na mapajani alipakata chupa ya chai, ile ambayo wenye kisukari hutia barafu kubebea insulini.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Zamda.

Mkurugenzi Mkuu alishtuka, akatazama huku na huku. "Niko ziara ya mafunzo," akanong'ona. "Tunajifunza kwa majirani." Akainua shingo kukitazama kioo cha karani kwa muda mrefu, na uso ukamkunjamana. "Ni kizuri. Ila kiongozi wao amewekwa wapi?"

"Hayumo," akajibu karani bila kuinua macho. "Yeye hatoi dawa."

Bi Siwatu alikuwa amemgeukia jirani yake, anamkagua chini ya kofia. Uso wake ukachangamka.

"Kumbe wewe! Si ndiye uliyenipa dawa pichani?"

"Ndimi, mama," akasema Mkurugenzi kwa sauti ndogo.

"Basi umefika, baba. Hapa wanatoa ya kweli."

Karani akabofya. "Ngwamba Tilya," akaita.

Hakuna aliyeinuka. Mkurugenzi alikuwa amekaa wima, kidevu juu, mikono juu ya chupa. Tangu apate cheo cha kwanza hakuwahi kulisikia jina lake likiitwa peke yake, na sasa alikuwa anasubiri Mheshimiwa lianze, Daktari wa Heshima lifuate, watu wakae sawa, ndipo asimame. Karani aliita tena, akatazama benchi, akabofya kumruka.

"Siwatu Lukindo."

Mama aliinuka mwenyewe, bila kushikwa, akaenda dirishani, akapokea kisanduku, akakitikisa kwanza sikioni kusikia kama kina kitu. Kilikuwa nacho. Aliporudi alimkuta Mkurugenzi amesimama, ametoa miwani, anazozana na karani aliyemwonyesha kwa kidole mwisho wa foleni, huko nje ya mlango.

Bi Siwatu akasimama mbele yake, akamshika mkono kwa huruma.

"Wakikuita tena, baba," akamwambia, "usingoje matarumbeta. Nenda tu."